Nyuso za Wenzako Mpakani

Mama,

Sisi huku wazima, ila mimi naogopa. Nakuandikia wewe kwa sababu Baba nikimwambia presha itampanda, na nikimwambia mtu wa kazini nimekwisha.

Tangu tukuzike nimepanga chumba Tororo, upande huu wa Uganda, namalizia mafunzo yangu ya kazi maktabani. Zimebaki wiki mbili. Ungeniona ungecheka: mimi Nuru wako, niliyekuwa nikipoteza hata ufunguo wa choo, ndiye ninayewafundisha wakutubi wenye mvi kuskani picha za zamani na kuziweka mtandaoni.

Ili nipewe cheti lazima niandae maonyesho yangu mwenyewe, yaonekane kwa yeyote mwenye simu. Nikachagua zile picha zako na wenzako mkipumzika na mizigo mpakani. Unakumbuka siku zako za mwisho, umelala ubavu, nakuonyesha moja moja huku simu inarekodi? Ulikuwa unachoka katikati ya sentensi, lakini jina hukusahau hata moja. Ukaniambia, "Andika majina, wewe. Bila majina hawa ni mizigo inayotembea."

Nikaandika. Kila uso na jina lake, na chini yake sauti yako inaeleza nani alibeba vitenge, nani samaki wa Majanji kule ziwani, na mlipitia uchochoro gani kuwakwepa watu wa forodha. Sikumuuliza mtu. Mama, hata mmoja! Nilikuwa nasikiliza sauti yako tu, nalia, nasikiliza tena.

Jumatatu nikafundisha somo la ruhusa. Ndiyo, hilo hilo. Nimesimama mbele ya watu, nasema kwa madaha kwamba picha ya mtu haiwekwi mtandaoni kabla mwenyewe hajakubali. Halafu nikawasha projekta niwape mfano wa kazi yangu, ambayo inafunguliwa rasmi Ijumaa. Mama mmoja aliyetoka upande wa Kenya akapiga makofi: "Ai! Huyu si Mama Zaituni? Mbona nimepishana naye leo asubuhi na mzigo wake, njia hiyo hiyo!"

Watu wakacheka. Wageni wa Ijumaa nawajua, msimamizi wangu alinisomea orodha kwa furaha, na mkubwa mmoja wa forodha yumo. Na kule nyuma ya darasa kijana fulani alikuwa ameinua simu, anapiga picha ukuta. Nilimfuata, akasema ameshafuta. Nitajuaje kama ni kweli?

Jana nikaenda Busia kwa Mama Zaituni. Nikamkuta uani anaanika dagaa. Nikamweleza yote, nikamsikilizisha sauti yako. Akajifunika uso kwa leso. Alipojifunua alikuwa amekasirika, Mama. Sijawahi kumwona vile. Akasema, "Mama yako alikuambia uandike. Alikuambia umwonyeshe nani?"

Nikainama nimsaidie kuanika, dagaa wengine wakanidondoka.

Kisha akaokota dagaa walioanguka, akasema taratibu, "Mimi na wenzangu tutoe. Tuna watoto shuleni. Yeye mwache, hakuna wa kumkamata tena."

Nimewatoa wote. Sauti yako nimeikata pale unapoanza kuwataja, na ni mimi ninayekunyamazisha. Umebaki peke yako, umekalia furushi, unacheka na mtu ambaye haonekani. Kesho Alhamisi namwambia msimamizi kwamba maonyesho yangu ni picha moja tu. Labda cheti ndiyo basi. Hilo naliogopa, ila siyo linaloninyima usingizi. Kila pikipiki ikisimama nje nafikiri ni mtu analeta habari kwamba Mama Zaituni amekamatwa, na kwamba kosa ni la mtoto wa rafiki yake.

Pumzika, Mama yangu. Mungu akupe nafasi na upepo mzuri huko. Nakuahidi picha za wenzako nitazipeleka mwenyewe, kila mtu yake mkononi, na rekodi nzima nimeificha mahali ambapo hata Baba hapajui. Na Ijumaa, yule mkubwa wa forodha akisimama mbele ya picha yako akaniuliza huyu mama alikuwa anatembea na akina nani, nitamtazama usoni niseme simjui hata mmoja. Unisamehe.

Mwanao,
Nuru