Bomba Lililopasuka Bila Mvuke

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Hali yako huko Misima ikoje, na kile kifua kimetulia? Sisi huku Korogwe tu wazima kwa rehema za Mungu, ila roho yangu haijakaa. Jumatatu ijayo nimeamriwa kuwasha boila ya kiwanda, nami naliogopa bomba.

Unaikumbuka siku ile mashine ya korona imesimama, mkonge usiochakatwa unanyauka kwenye matroli? Ncha za bomba la mvuke hazikukutana. Mnyapara akaamuru tuzivute kwa mnyororo, ukachomea hivyo hivyo. Ulitaka kuufukia mshono kwenye majivu ya moto upoe polepole, kama ulivyozoea. Akacheka, "Wewe fundi unachoma bomba au viazi?" Akamwaga ndoo ya maji. Chuma kikalia. Ukaninong'oneza, "Mdogo wangu, nguvu ya mnyororo haijatoka humu. Tumeifungia ndani."

Nilidhani ni maneno ya uchovu tu.

Basi Jumapili iliyopita, baada ya swala ya alfajiri, nikapita kiwandani. Hakuna moto, boila imepoa tangu jana yake. Nikasikia tak. Kimya. Tak tena, kama ukucha unagonga kutoka ndani ya bomba. Nikasoma Ayatul Kursi. Ukaja mlio kama wa bunduki, bomba likakatika mbele ya macho yangu, kando kidogo ya mshono. Ncha zikaachana, kila moja ikarudi ilikokuwa kabla hatujaivuta. Wallahi hapakuwa na mkono uliogusa. Nikatia kidole kwenye ufa, baridi tupu.

Wenzangu wanasema ni roho ya kibarua wa manamba aliyefia pale. Mnyapara ananikejeli, "Si unajua Yasini wewe? Lisomee, tuwashe!" Wameweka kipande kipya. Lakini upo mshono wako wa pili, wa mnyororo uleule na maji yaleyale, juu kabisa ya pale ninapochochea kuni. Jana nao umeanza kugonga.

Nimemwambia bwana mkubwa, yule Mwingereza, sitatia moto mpaka mshono huo ukatwe. Kasema nimletee sababu ya fundi, si ya mzimu. La sivyo atamweka mwingine hapo. Kaka, huyo mwingine naye ana watoto.

Niandikie maneno ya kumwambia, na barua umpe dereva wa lori la Handeni. Tafadhali nijibu upesi, kabla ya Jumatatu.

Mdogo wako akupendaye.