Joho Fupi la Meya

Baba,

Ni mimi, Saida. Imenichukua miezi minane kukuandikia, na hata leo nimechana karatasi tatu. Niko kibandani kwangu Wandegeya. Wanafunzi wamepanga foleni wakitaka kuchapiwa tasnifu zao, nami nimewaambia mashine imekwama. Nimewadanganya. Nadanganya kirahisi, Baba, na wewe unajua hivyo kuliko mtu yeyote.

Kwanza habari za nyumbani. Mama mzima. Goti linamsumbua, lakini bado anashuka kwa miguu kwenda soko la Kasubi na kugombana na muuza matoke, halafu anarudi amechangamka. Kofia yako ya kazini iko juu ya kabati. Kila Ijumaa anaipangusa vumbi, kisha anaigeuza kidogo, kana kwamba jana yake ilikaa upande.

Mimi nimepata kazi ambayo ungeipenda. Unamkumbuka Prossy, yule mwanafunzi mwembamba aliyekuwa anakula rolex mbili, zile chapati za mayai, kwa mkupuo huku namchapia kazi yake? Sasa yuko Australia, kwenye maktaba ya baraza la mji mdogo pembeni mwa jiji kubwa. Wanataka kuandika historia ya ofisi ya meya wao. Prossy ananitumia picha za vitabu vyao vya mikutano, vilivyoandikwa kwa mkono, nami nazichapa. Watu wale walianza na mwenyekiti wa barabara tu, na kazi yake ilikuwa matope na madaraja. Baadaye wakapata meya, baada ya meya wakataka joho, na baada ya joho wakataka mkufu. Kwa miaka mingi madiwani walikuwa wanachaguana wenyewe, kila mtu mwaka wake. Ikafika siku serikali ikalivunja baraza zima na kuwaletea wasimamizi wa kuteuliwa. Nilicheka peke yangu. Ukibadilisha majina, ni zile hadithi zako za jioni: wenyeviti wa mji, halafu wasimamizi wa wakati wa wanajeshi, halafu mameya wa kura.

Mwishoni mwa kitabu kuna orodha, na wamo wote. Wamo hata wasimamizi ambao watu hawakuwapenda. Katikati yuko mwanamke aliyeshika nafasi wiki sita tu, baada ya meya kufariki na kabla mwingine hajachaguliwa. Jina lake limeandikwa kama ya wengine, kwa herufi zilezile, kwenye mstari wake mwenyewe. Nilipofika hapo vidole viligoma kuchapa.

Kwenye mstari ule nilimwona Mama Regina, Baba.

Sina haja ya kukueleza Mama Regina ni nani. Lakini acha nimwandike, maana mimi ndiye niliyemfuta.

Alikuwa naibu meya, mfupi, muuza samaki wakavu aliyeingia udiwani kwa kelele za wanawake wenzake wa sokoni. Meya alipofariki, akapewa nafasi miezi minne. Wewe ulikuwa tarishi wa ofisi. Mameya walikuja na kuondoka, wewe ukabaki na ufunguo wa kabati. Joho ulilipiga brashi wewe, mkufu uliusugua wewe, na kila siku ya kikao ulisimama nyuma ya meya ukaufunga shingoni mwake. Ulinifundisha kuhesabu kwa majina yao, kila mmoja na kidole chake. Nilikuwa najua meya wa tatu kabla ya kujua mwezi wa tatu.

Siku aliyojaribu joho, lilimmeza. Uliniigizia alivyosema, ukiishikilia sauti yake: "Mzee, hii kitu iko ya watu warefu. Nikitembea nitaanguka mbele ya madiwani." Ndipo ukafanya jambo ambalo hukuwahi kulifanya kabla wala baada. Ulilikunja joho la meya, ukalitia ndani ya gunia la sukari, ukalileta Kasubi kwa Mama.

Nilikuwa na miaka minane. Nililivaa, nikazunguka nalo sebuleni nikiwaamuru kuku watoke nje, na wewe ulicheka mpaka ukakohoa. Ukamwambia Mama: "Kunja tu. Usikate." Mama alikuwa anasikiliza matangazo ya vifo redioni, ametega sikio kwa jina la jirani. Akakata. Uliposikia mkasi ulikaa chini kwenye mkeka, ukashika kile kipande chekundu kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa wenyewe.

Kesho yake ulimpelekea Mama Regina joho na ukakiri. Alitazama pindo, akakutazama wewe, akasema: "Mzee, usiogope. Nani ataangalia miguu ya meya?"

Tangu siku hiyo mameya wetu wote wanaonyesha soksi. Wanakuja warefu, wanavaa joho lililokatwa kwa kimo cha muuza samaki, watu wanacheka kichinichini, na hakuna anayejua sababu. Tulijua sisi watatu, na Mama Regina mwenyewe. Kila baraza jipya likiapishwa ulirudi nyumbani ukatutajia rangi ya soksi.

Miezi minne ile Mama Regina aliweka benchi nje ya mlango wa meya ili watu wa sokoni wasisubiri wamesimama. Benchi lipo mpaka leo. Na alikuambia uketi unywe chai pamoja na madiwani, wewe uliyezoea kuinywea karibu na choo. Mwenyewe alishazikwa kwao Kitgum, na wewe ulikwenda mazishini peke yako kwa basi. Kwenye hesabu yako alikuwa wa tano. Ukifika kidole cha tano ulikuwa unakibana kidogo.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Baraza lilipotengeneza upya ukumbi wake, wewe, mstaafu wa kutembelea fimbo, ulikwenda mwenyewe kwa karani wa mji ukamwambia binti yako anaandika mabango vizuri. Ndiyo nikapata kazi ya ubao wa mameya. Ulinipa karatasi ya daftari yenye majina yote kwa mwandiko wako unaopanda mlima. Karani alinipa yake iliyochapwa. Nikaziweka pamoja. Kwenye ya karani, baada ya wa nne alikuja yule mrefu aliyechaguliwa baada ya ile miezi minne. Mama Regina hakuwepo.

Nilimuuliza karani, mara moja tu. Akasema: "Huyo alikuwa anashikilia tu. Wewe andika list yenye nimekupatia." Nikajibu kwa heshima ya Kiganda: "Sawa, ssebo." Hilo ndilo lililokuwa neno langu lote, mimi niliyelivaa joho lile. Karani alikuwa ameshadokeza kwamba baada ya ubao kuna vibao vya barabara zote za mji, nami nilikuwa nimeshawatangazia majirani kibandani kwamba kila kona watasoma mkono wangu. Niliogopa kumuudhi. Nikachora mistari, nikachanganya rangi ya dhahabu, nikaandika. Kutoka wa nne kwenda kwa yule mrefu niliacha nafasi ileile niliyoacha kwa wengine, nikairudia mara mbili kuhakikisha haionekani kama kuna mtu ametoka.

Jioni moja uliniuliza, unavua viatu: "Mama Regina amekaa vizuri?"

Nikasema: "Amekaa, Baba."

Kwa nini nilisema vile? Ningesema karani amekataa. Ungevaa viatu tena, ungechukua fimbo, ungekwenda kumsumbua mpaka achoke. Labda ndicho nilichoogopa. Nilisema amekaa, nikaendelea kuosha vyombo.

Siku ya kufungua ubao ulivaa ile kaunda suti ya kijivu. Mama aliipiga pasi mara mbili. Meya alivuta kitambaa, watu wakapiga makofi, na wewe hukungoja soda. Ulikwenda moja kwa moja, ukavaa miwani, ukaweka kidole kwenye jina la kwanza. Nilikuona kutoka kwenye makreti ya soda, midomo yako inatembea. La kwanza, la pili, la tatu, la nne. Kidole kikasimama. Hakikwenda juu wala chini. Kilisimama palepale kati ya la nne na linalofuata, hata watu waliokuwa nyuma yako wakaanza kukohoa.

Kisha ukageuka, ukanitafuta, ukasema: "Mwandiko ni mzuri, Saida."

Basi. Hukusema kingine. Wewe uliyeweza kunigombeza wiki nzima kwa kumenya kiazi vibaya! Tulirudi Kasubi pamoja, ukanionyesha duka jipya njiani, ukaniuliza habari za rangi zangu. Nilingoja unipige kwa maneno, na hukunipiga. Ila majina yale hukuyataja tena nyumbani, hata siku moja. Ningependa ungenitukana, Baba. Kweli kabisa.

Halafu kifua kikakushika. Siku tisa nilikunywesha uji hospitali kwa kijiko. Kila asubuhi nilikuja na sentensi moja mdomoni, kila asubuhi nilikulisha uji badala yake. Siku ya tisa ulilala ukiwa umeshika mkono wangu, mkono uleule wa brashi.

Karani alikuja mazishini Bombo. Alisimama akasema mbele ya watu wote: "Huyu mzee alikuwa mwaminifu. Miaka yote hiyo, joho ya meya haikutoka nje ya ofisi." Mama alinitazama kutoka ndani ya mtandio wake. Nilitazama udongo.

Wiki iliyopita, baada ya kuchapa ile orodha ya Australia, nilimwomba Mama kopo lake la vifungo. Kile kipande cha joho kilikuwa chini kabisa, chekundu bado. Jumatatu nikaenda nacho. Nikakaa kwenye benchi la Mama Regina mpaka nilipoitwa.

Karani alinisikiliza kwa adabu. Akasema: "Faili ya miaka hiyo hakuna. Mvua iliingia stoo. Bila karatasi siwezi." Nilikuwa nimeshajua atasema hivyo. Nikaweka kile kipande mezani na kumwambia yote. Gunia la sukari, Mama, mkasi. Nilimwambia baba yangu alilitoa joho nje ya ofisi. Nisamehe. Ulilificha jambo hilo mpaka kaburini, na mimi, niliyekudanganya ukiwa hai, nimeitoa siri yako ukiwa huwezi kujibu. Nilifikiri sana kama nina haki hiyo. Bado sijui.

Alifungua kabati mwenyewe. Tulitandaza joho mezani, tukasogeza kipande pindoni. Unalikumbuka lile tundu la sigara la meya wa pili? Nusu yake iko kwenye joho, nusu iko kwenye kipande. Zilikutana, Baba. Karani alicheka mpaka akavua miwani. "Kumbe ndiyo maana ya soksi!" Halafu akaacha kucheka ghafla, akasema: "Kwa hivyo mzee alitudanganya."

Nikamwambia hapana. Nikamwambia aliyedanganya ni mimi, na nikamsimulia lile swali lako na jibu langu. Hakuna mtu niliyekuwa nimemwambia, hata Mama. Nililia ofisini kwa karani wa mji kama mtoto wa chekechea, na tarishi mpya akaniletea maji.

Madiwani walikaa kikao siku mbili tatu, wakakubali jina liingie. Lakini usidhani nimekupelekea heri tupu. Sasa ofisini wanakuita Mzee wa Gunia. Wanakusimulia kwenye chai, wanacheka, tarishi mpya anakuigiza ukipita mlangoni na gunia begani. Nawasikia nikiwa juu ya ngazi. Wengine wanacheka kwa upendo, wengine hapana. Hicho nimekifanya mimi pia, na sitakificha.

Siku hizi napanda ngazi mbele ya ubao kwa sababu kati ya wa nne na yule mrefu hakuna nafasi. Nilihakikisha hivyo mwenyewe, si unakumbuka. Ili Mama Regina aketi, lazima niwaondoe wote walio chini yake na kuwaandika upya. Tangu Alhamisi napiga msasa. Dhahabu inaanguka sakafuni unga unga, inaingia kwenye nywele, na nikifika nyumbani Mama anaipukuta bila kuuliza. Naye nimeshamwambia. Akasema: "Baba yako alijua siku ileile. Alisema utarudi mwenyewe."

Hukuniambia mimi. Ulimwambia yeye.

Kesho naanza kuandika. Nimebandika karatasi yako ukutani, ile ya daftari, na ndiyo nitakayoifuata. Ya karani nimeirudisha. Nakuahidi mambo mawili. Sitamwambia mtu yeyote tena kwamba mwingine amekaa vizuri kabla sijamkalisha. Na rangi ikikauka nitamleta Mama ukumbini na goti lake, niweke kidole pale kilipokaa chako, nisome kwa sauti kuanzia wa kwanza, na kwenye wa tano nibane kidogo kama ulivyokuwa ukifanya. Baadaye nitakuja Bombo kukuelezea.

Pumzika, Baba. Mungu akurehemu, na mimi unirehemu ukiweza.

Nitakuja mchana, nikae nawe. Nikishakwambia kwamba amekaa, safari hii usinisifie mwandiko. Niulize majina.

Binti yako,
Saida