Shimo la Buguruni Limepinda

Jumatatu, 4 Mei 1953
Breki tangu asubuhi. Mashine ya kuchimba kisima hapa Buguruni mie ndiye naishika, na hakuna kijana wa darasa la nne mwenye mkono kama wangu. Ukilegeza breki, mabomba yote yanailalia kekee, lile jino la chuma kule chini, inakula jiwe. Ukikaza, inanyanyuka. Leo nimelegeza haswa. Zamu ya mchana tumewaacha mbali. Wanune.

Jumanne, 5 Mei
Masanja, Mnyamwezi anayekoroga tope la kuteremsha shimoni kupoza kekee, kaniambia, "We Mzaramo, shimo lako linapinda kama miguu ya babu yako. Punguza uzito." Mtani wangu huyo. Juzi kawatangazia watu nimekufa, akaomba sanda. Nikamjibu arudi Tabora akarine asali. Nikalegeza zaidi.

Jumatano, 6 Mei
Mabomba yametoka yamekwaruzika upande mmoja. Bwana, yule Mzungu wa mashine, kateremsha timazi, kamba yenye risasi nchani. Ikagusa ukuta wa shimo. Shimo limekwenda kombo. Kumbe Masanja hakuwa akitania.
Bwana kasema Jumamosi linashushwa bomba la kisima, lile pana la kuzuia kuta zisiporomoke. Lisipopita, shimo linafukiwa na mie naondoka.
Naogopa.

Alhamisi, 7 Mei
Tumeipandisha kekee mpaka juu ya pale palipopinda. Amri ya Bwana: uzito kidogo, mzunguko wa kasi. Mabomba yaning'inie, uzito wake uyavute yasimame wima, kekee ikwangue ule upande wa chini. Breki nimeikaza mpaka kiganja kimechubuka. Tunakwenda mwendo wa bibi harusi. Zamu ya mchana wanapita wanacheka. Siwajibu. Nawachukia wote.

Ijumaa, 8 Mei
Nimesali Ijumaa, akili iko shimoni. Mkono unataka kulegeza, twende haraka, yaishe. Nimeukatalia.

Jumamosi, 9 Mei
Bomba limeshuka vizuri, halafu likakwama. Palepale palipopinda. Masanja kaacha hata kutafuna muwa. Bwana kalizungusha taratibu, kidogo, kidogo tena.
Likapita.


Jumatatu, 11 Mei
Sijafukuzwa. Tunaendelea chini ya bomba kwa kekee ndogo. Breki kapewa Masanja, mie nakoroga tope. Jua kali. Kutoka hapa naisikia mashine. Haikoromi kama nilivyokuwa nikiilegeza mie, inazunguka sawasawa. Ana mkono mzuri yule Mnyamwezi.
Simwambii.