Nani Alikuwa Akigonga

Beijing, mwezi wa kumi na moja

Dada Gailan,

Shikamoo dada. Naomba karatasi hii ikukute umeketi mahali penye joto, na mgongo wa shemeji Baoshan uwe umekubali kuinama tena. Siki mliyotutumia imefika. Chupa moja ilipasuka njiani, na karani wa posta alinikabidhi boksi huku ameziba pua. Mke wangu Peiwen anakusalimu sana. Anasema mwaka huu usitufumie soksi, macho yako yapumzike. Ningekupigia simu, lakini masikio yako uliyaacha kule kwenye mashine ya kuchambua makaa ya mawe, na hata yangekuwa mazima, nina jambo ambalo mdomo wangu usingelimaliza.

Uliuliza mbona kwenye picha nimekonda. Siumwi, dada. Nimechoka tu, na ni uchovu ambao kulala hakuutoi.

Huko nyumbani watu wanadhani kazi yangu ni kunywa chai na waigizaji. Wewe unakumbuka nilikoanzia: ofisi ya matangazo ya mgodi, mchana naandika mabango ya usalama, jioni naandika hadithi za mizimu kwa yale majarida ya karatasi mbovu yaliyouzwa kituo cha treni. Mama aliwaambia majirani kwamba mwanawe ni karani, maana kusema mwanawe anauza mashetani kituoni aliona haya. Halafu vikaja vitabu, watu wakavisoma, na watu wa filamu wakaniita huku.

Nilipofika nilikabidhiwa kwa mtayarishaji mmoja anayeitwa Ruan, mtu mwenye tumbo kubwa na moyo mzuri, ambaye nafanya naye kazi mpaka leo. Siku ya kwanza alinieleza sheria ya kazi. Mzimu unaruhusiwa kutisha watu filamu nzima, lakini mwisho lazima ithibitike kwamba hakuwepo, la sivyo wakaguzi wa serikali hawaipitishi. Nikacheka, nikidhani ananitania. Basi mzimu wangu wa kwanza akawa ndoto. Wa pili akawa dawa za usingizi. Wa tatu alikuwa gesi iliyovuja jikoni, na huyo alinipatia tuzo. Wenzangu wakaanza kuniita Daktari. Mtu akikwama na mzimu wake anapiga simu: "Daktari, nina bibi harusi aliyekufa na sijui nimpeleke wapi." Nami namwambia, mpe pacha aliye hai. Miaka imekwenda hivyo. Nimewafukuza wafu wengi kuliko watawa wote wa mlima wetu, na kila nikimfukuza mmoja nasikia ndani yangu kitu kimezimwa.

Mmoja tu nilimficha: riwaya yangu ya kwanza, ile uliyoisoma kwa siku mbili, ukasema nimeandika vizuri, kisha ukaenda kulisha kuku. Ruan aliiomba kila mwaka nami nikakataa. Majira ya kuchipua yaliyopita nikakubali. Usinitafutie sababu kubwa, nilichoka kukataa. Nilifikiri nikishaitoa hiyo sitakuwa na kitu kingine cha kulinda, nitaacha kazi na kulala.

Yaliyomo unayajua kuliko mtu yeyote, lakini niache niyaandike, maana nataka kuyaona kwenye karatasi hii. Mgodi ulipomfunika baba nilikuwa na miaka saba. Mama aligeukia ukuta pale kitandani, na mimi nikakataa kula. Wewe ulikuwa na miaka kumi na sita. Ulipika uji wa ulezi, ulikata tambi, ulinibembeleza, ukanifinya, nami nikafunga mdomo. Mpaka jioni moja ya theluji tukasikia mlangoni buti zikipigwa kizingitini, mara mbili, namna ya baba alipotoka zamu. Kisha kile kikohozi chake cha vumbi. Ulipoingia na ndoo ya makaa ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Si umesikia? Baba yuko nje. Anataka kujua kama umekula ndipo aende akapumzike." Nikala. Mama naye akageuka kutoka ukutani, akaomba bakuli. Baba alikuja majira yote ya baridi. Barafu ilipoanza kuyeyuka akaacha, nasi tulikuwa tumeshazoea kula.

Kila kitu nilichoandika maishani kimetoka kwenye zile jioni.

Sasa Ruan amesoma mswada wote, akaniita ofisini, akaninunulia tambi. Alisema ni mzuri sana, ila haujaisha. Akauliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia, "Mwalimu Xue," maana huku waandishi huitwa walimu, "kwa hiyo nani alikuwa akigonga?" Nikamwambia ni baba. Akasema anaelewa, lakini kwenye filamu, nani?

Nilirudi nyumbani nikakaa kufanya kazi niliyoifanya mara nyingi hivi. Nikaweka jirani. Haikufaa, jirani asingekijua kile kikohozi. Nikaweka mama, lakini mama alikuwa kitandani pamoja nami, mkono wake nikiuona. Nikajiuliza, kama ninavyojiuliza kwa kila mzimu, ni nani ambaye hakuwa chumbani. Kalamu ikasimama, dada.

Kila alipokuja baba, wewe ulikuwa umetoka kuchukua makaa.

Nikakumbuka pia siku moja asubuhi niliposhusha buti kuukuu za baba ili nizijaribu. Ndani, sehemu ya vidole, mlikuwa na matambara yaliyoshindiliwa. Nilidhani mama aliyaweka ili buti zisiharibike umbo. Mpaka mwezi huu nilikuwa bado nadhani hivyo, mimi ninayelipwa kwa kugundua.

Nililia, nikijitahidi Peiwen asisikie, lakini akasikia. Alikuja akakaa karibu yangu akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Sikukuchukia hata kidogo, nisikudanganye. Nilidhani nikijua hakuwa baba nitabaki mkono mtupu. Sikubaki hivyo. Nimewaza jinsi ulivyosimama kwenye theluji na buti zinazokupwaya, ukikohoa kama baba, nasi ndani tukila. Na barafu ilipoyeyuka uliacha shule ukaenda kuchambua makaa, na mwalimu wako mkuu alipokuja kukuombea mbele ya mama, ukamwambia hesabu zinakuchosha.

Mwisho huo nimeshauandika. Ni ukurasa mmoja, na ndio mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika. Ruan hajauona na hatauona kabla hujanijibu, kwa kuwa ni siri yako, si yangu. Ukiona vema watu waione, andika neno moja tu. Ukikataa, nitaandika kwamba mtoto alikuwa na homa, wala hakuna atakayeshangaa, wananijua. Vyovyote vile nimekwisha mwambia Ruan kwamba huu ni wa mwisho. Akasema, "Pumzika, Daktari."

Kuna swali moja linalonikaa kifuani tangu siku hiyo, na ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Mimi niligongewa, na mama akagongewa. Wewe pia ulikuwa mtoto aliyefiwa. Jioni zile, ukishatulisha, nani alihakikisha na wewe umekula?

Nisalimie shemeji, nisalimie wajukuu, na yule jirani wa ng'ambo ya njia anayeniuliza kila mwaka nitaoa lini mwigizaji, mwambie Peiwen amemsikia. Tunakuja mwezi wa kwanza, kabla ya sikukuu ya mwaka mpya wa jadi, na tutakaa. Safari hii usipike. Wewe utakaa kitandani penye joto, na mimi ndiye nitakayekukatia tambi.

Ni mimi mdogo wako,
Mancang