Shairi la Siku Mbili

Zamzam mwanangu,

Ni mimi mamako, muuza kambare wa Garsen. Naandika kwa mkono wangu, sikumtafuta mtu wa kuniandikia. Niliishia darasa la tano, lakini hati yangu wewe mwenyewe uliisifu, ukasema inashinda ya daktari. Basi nivumilie palipopinda.

Tangu tukuzike ni miezi saba. Mto umeshuka, watu wa Kulesa wamerudi kupanda mpunga. Meza yangu sokoni iko pale pale na bado nauza kuliko wote, hakuna anayebisha. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanakusifu. Wale wale waliokuwa wakikuita kichaa wa Mama Zamzam, leo wananijia na simu zao wanisomee mashairi yako. Yale ya vidonge vyako, yale ya talaka yako, yote uliyoandika bila kumficha mtu kitu. "Mama Zamzam, wewe ulizaa." Najua nilizaa. Niliwaambia hivyo ulipomaliza kidato cha nne, wakasema najisifu. Nilijisifu. Wa kwanza kufika huko katika ukoo wetu, kwa nini ninyamaze?

Lakini kujisifu huko ndiko kulikonifikisha nilipo. Uliniambia redio itasoma shairi lako Jumamosi asubuhi. Sikukuuliza linasema nini. Nilizunguka soko zima. Nilimkalisha Dhahabo, yule Muorma wa maziwa, nikawakalisha wauza ndizi wote, nikaazima redio kubwa ya dukani. Watu walijaa kama harusini. Mtangazaji akataja jina lako, nikawaangalia mmoja mmoja. Kisha akasoma: "Mama kanifunga kamba." Hapo hapo nikaikimbilia redio nikaizima.

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Dhahabo aliinama akaanza kupanga mitungi yake. Nikakupigia pale pale, mbele yao, nikasema: "Usinipigie tena. Tafuta mama mwingine wa kumwandika." Ukasema, "Sawa, Mama." Ukakaa Malindi katika chumba chako cha kupanga, ukashikwa na homa iliyokuua, siku nne, na simu unayo. Hukupiga. Nilikukataza, ukanitii. Maisha yako yote hukuwahi kunitii hivyo.

Sasa Mwalimu Komora aliyekufundisha Kiswahili amekusanya mashairi yako atoe kitabu. Ameniletea karatasi zote. Ameniambia shairi nisilolitaka nilitie alama, halitachapwa. Mjombako Bakari alifika kabla chai ya mwalimu haijapoa. "Dada, toa lile moja tu. Mengine ni mazuri." Nikamwambia nitalisoma kwanza. Maana sikuwahi kulisoma, Zamzam. Nilikukasirikia kwa maneno matatu.

Jana nimelisoma, polepole, kidole juu ya neno. Nilikuwa natafuta matusi. Sikuyapata. Umeandika mafuriko yale yaliyotukuta ukiwa mgonjwa, umeandika ulivyokuwa ukiyaendea maji ukisema yanakuita, umeandika nilivyokukimbilia nikakushika. Kisha ukaandika:

Mama kanifunga kamba, siku mbili kitandani,
Maji yamezinga nyumba, gari halimo njiani.

Karatasi nikaiweka chini.

Hazikuwa mbili. Zilikuwa tisa. Na wewe ulijua, kwa sababu ulikuwa ukizihesabu kwa sauti. Siku ya tatu maji yalipungua, lori la kwanza likapita kwenda Malindi, kwenye hospitali. Ulilisikia. Ukasema, "Mama, gari hilo." Nikakuambia ni trekta. Mjombako alikuwa mlangoni. Posa ya binti yake ilikuwa imeletwa wiki ile, akasema wakwe wakisikia kuna mgonjwa wa akili kwetu watageuka. Lakini nisimtupie Bakari. Mimi ndimi niliyeitangazia Garsen nzima kwamba mwanangu ana akili kuliko watoto wao. Niliona aibu kukupitisha stendi katika hali ile. Walioniuliza niliwaambia uko Kulesa kwa shangazi. Na kamba haikuwapo, ilikuwa leso yangu. Nilidhani haitakukata. Ilikukata.

Siku ya tisa uliacha kuhesabu. Ndipo nilipoogopa, nikakufungua, nikakupeleka hospitali.

Ukaja ukaandika mbili. Ukawaacha watu waamini ni mafuriko. Soko lote likanionea huruma kwamba mwanangu amenianika, nami nikaipokea huruma ile, na huku wewe ulikuwa umenisitiri. Nimekukana kwa shairi ulilonisitiria.

Nina hasira nawe pia, siwezi kukudanganya. Kwa nini hukuandika tisa? Tungegombana ukiwa hai. Ungenitukana, ningelia, tungenuniana mwezi mzima, kisha ungekuja kula kambare wangu kama kawaida yako. Sasa nagombana na karatasi.

Leo asubuhi Bakari amerudi, kalamu mfukoni, kanzu imepigwa pasi. Nimemwambia shairi linabaki. Akasema, "Utajiaibisha uzeeni, dada." Nikamwambia, "Mwanangu ameandika kitabu. Wewe umeandika nini?" Ameondoka bila kuaga. Karatasi nimezirudisha kwa mwalimu bila alama hata moja. Mbili yako sikuigusa. Uliiandika wewe, iache ikae hivyo.

Lala, mamangu. Mungu akupe huko utulivu ambao mimi sikukupa. Siku ya kuzindua kitabu, kitasomwa katika ukumbi hapa Garsen, na nitakaa mstari wa mbele, nimevaa nikavalika, unanijua. Wakimaliza kulisoma lile nitasimama. Sitangoja kuulizwa. Nitawaambia zilikuwa tisa, na njia ilikuwa wazi.

Mamako