Mjeledi Niliousuka Upya

Chekereni, Julai

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mama naye umfikishie shikamoo yangu akiwa ameketi, maana akiwa jikoni atasema hakuisikia. Magoti yako yanaendeleaje na baridi hii? Huku tambarare asubuhi tunajifunika shuka mbili, basi huko Mkuu nawawazia mmesogea motoni na ukungu umelala juu ya migomba. Sisi hatujambo. Evelyn anawasalimu sana, na mjukuu wenu Gladness ameanza kutembea, anaanguka na kujicheka mwenyewe.

Najua unashangaa kuletewa karatasi badala ya kupigiwa simu. Kwenye simu wewe unasikia nusu, na nusu iliyobaki mimi nimekuwa nikiificha kwa kusingizia mtandao. Dada Mektrida, wewe unayemsomea Baba, nakuomba usome yote, usiruke mstari hata kama utaona vibaya.

Nianze na mjeledi wa ng'ombe. Nilipokwambia umekatika, ulisema nisimpelekee fundi yeyote, niusuke mwenyewe hapa nyumbani, kwa kuwa wewe nawe ulianza hivyohivyo bila kujua kitu. Nilikubali haraka mno. Ulikuwa umekatika karibu na mwisho, pale unapoanza kuwa mwembamba, na nyuzi za ngozi zilikuwa zimechanika ovyo kama nywele. Nilianza kwa kununua mkanda wa suruali pale Moshi mjini ili nikate nyuzi mpya. Muuzaji aliapa kuwa ni ngozi tupu. Nilipopitisha kisu, ndani mlikuwa na karatasi ngumu iliyopakwa rangi. Evelyn alicheka mpaka akakaa chini, na mimi nikacheka naye, lakini moyoni sikuwa na raha.

Baadaye nilipata kipande cha ngozi ya mbuzi aliyechinjwa kwenye ubatizo wa jirani. Nikakikuna manyoya, nikakikausha, nikakata nyuzi. Nyingine zilikuwa nene kama kidole, nyingine nyembamba kama kamba ya kiatu, na msuko ukatoka umepinda kama mkia wa nguruwe. Nikafumua. Mara ya pili niliziloweka mpaka zikalainika kama utumbo, nikasuka kwa kuvuta kwa nguvu zangu zote, nikajisifu. Zilipokauka msuko ukalegea, ukaacha matundu ambayo kalamu ingepita. Nikafumua tena. Ndipo nilipokumbuka jinsi ulivyokuwa unafunika ngozi kwa kitambaa kibichi, bila kuiloweka, kisha unaipaka mafuta ya ng'ombe kidogokidogo. Nikafanya hivyo. Evelyn alishika mpini, mimi nikasuka nikirudi nyuma, na tulipomaliza niliuviringisha chini ya ubao mpaka ukawa wa mviringo. Haukuwa mzuri kama wako, Baba. Mahali pa kuungia panaonekana kama kovu. Ila ulishika.

Asubuhi niliyoumaliza niliwafunga nira Sarafu na Mpole tukaenda kwenye jaruba la juu la mpunga. Nilitaka kusikia ule mlio. Nilikumbuka tulivyokuwa tukikusikia tukiwa watoto, tukiwa bado njiani na chakula chako: ulikuwa ukipiga hewani, juu kabisa ya mgongo wa ng'ombe, na wao wakienda bila hata unyoya mmoja kuguswa. Ulituambia kwamba mjeledi ni sauti tu, na mtu anayeugusisha kwenye ngozi ya mnyama arudi nyumbani akalime kwa mkono. Basi nikasimama nyuma yao, nikauzungusha, nikapiga. Ukalia vizuri, Baba. Ulilia kama wako.

Sarafu akapiga magoti kwenye tope. Alitetemeka mwili mzima, akajikojolea, kisha akainuka kwa kishindo, akamburuta Mpole na plau mpaka kwenye mfereji. Watu waliokuwa wakipandikiza mpunga waliacha kazi wakatazama. Jirani yetu Eliakim akaja kunisaidia kuwafungua, akampapasa Sarafu shingoni, akaniuliza, "Kornel, huyu ng'ombe alifanywa nini?" Evelyn alikuwa amesimama kando na Gladness mgongoni. Alinitazama, akangoja nijibu. Nikamwambia Eliakim kwamba alichomwa na mwiba jichoni, tangu hapo ameharibika. Evelyn aligeuka akarudi nyumbani, na siku ile nilijipakulia chakula mwenyewe.

Baba, hakukuwa na mwiba.

Siku alipoumia, zamu yetu ya maji ilikuwa inaisha, na bado nusu ya jaruba haijalimwa. Kwenye jaruba la pembeni walikuwa wameleta pawatila, ile trekta ndogo ya mkono, ikamaliza kabla jua halijakuwa kali, na kijana aliyekuwa akiiendesha akaniambia kwa kelele niwapeleke ng'ombe wangu buchani, labda huko watakuwa na haraka. Wenzake wakacheka. Wakati huohuo Sarafu akasimama. Nilimwita, nikapiga hewani, hakusogea. Nikaona kama naye ananicheka. Nikampiga, Baba. Mara ya kwanza mgongoni. Sikuishia hapo. Nilimpiga usoni, mjeledi ukajizungusha kwenye pembe, nami nikauvuta kwa hasira mpaka ukakatika, na ile ncha ikapita kwenye jicho lake. Mjeledi haukukatika kwa uzee kama nilivyokwambia. Niliukata mimi, nikivuta kichwa cha mnyama uliyemlea tangu akiwa ndama.

Nilipoinua plau nikakuta imenasa kwenye kisiki kilichozama topeni. Angesogeaje?

Evelyn ndiye aliyeliosha lile jicho. Bwana mifugo alikuja akasema limekwisha, tushukuru limebaki moja. Nami nikakupigia simu nikakwambia mwiba. Halafu Mektrida akaniambia umesimama kwenye sala za jumuiya ukaomba wamwombee Sarafu, ukawaeleza kwamba kijana wako anamhangaikia kama mtoto. Sikujua niufiche wapi uso wangu. Watu wazima wamefumba macho wanasali, wakiamini uongo wangu.

Ile bidii yote ya kusuka, mkanda wa bandia, kufumua na kurudia, uliyokuwa ukiisifu kwenye simu, haikuwa bidii ya kujifunza. Niliona nikiurudisha mjeledi ukiwa mzima hakuna atakayeuliza ulikatikaje. Sarafu peke yake ndiye aliyeutambua.

Sasa tunalima hivi: mimi natangulia mbele nimeshika kamba yake, Evelyn anashika plau. Tunakwenda polepole na zamu za maji zinatupita, na yule kijana wa pawatila bado anacheka. Acha acheke. Nikija upande wa jicho bovu naanza kuongea nikiwa mbali, ili ajue ni nani. Jana alikula majani mkononi mwangu. Alinyoosha shingo tu, miguu aliiacha palepale, tayari kukimbia.

Evelyn ndiye aliyeniambia nisiandike tu, nije. Nitapanda Mkuu Jumapili ijayo baada ya misa. Nilifikiri nichume jani la sale kwenye mpaka wa shamba la watu, nilifunge ndani ya barua hii, litangulie kuniombea msamaha. Nikaghairi. Mtoto wako akikuletea sale, mila haikuachii nafasi ya kukataa, na mimi sitaki usamehe kabla hujakasirika. Nakuja mikono mitupu. Useme kila unachotaka kusema, mbele ya Mama na mbele ya Mektrida, na hata mbele ya jumuiya ukiona inafaa. Ukiamua ng'ombe warudi kwako, nitawapandisha kwa miguu, nikitembea upande wa jicho lake zima.

Mnisalimie shangazi Salvina na majirani wote wanaoniulizia, hasa wale waliosali. Mwambie Mama asihangaike kunipikia. Mungu awatunze na baridi hiyo mpaka tuonane.

Ni mimi mwanao, mwenye aibu,

Kornel Sirili