Nimemsingizia Mama Mkwe kwa Ajili ya Tairi

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana siku hiyo natakiwa kumpeleka mama mkwe Muleba na sijui nitamtazama vipi usoni.

Mimi ni Muharami, nauza vitambaa hapa Miembeni, nina miaka arobaini na saba na nina gari la michezo la zamani, jekundu, milango miwili, ambalo mke wangu Nuriat huliita mke mwenza, na mwezi uliopita nikatoa rimu zake za inchi kumi na nne nikaweka za kumi na saba zinazong'aa, na fundi Karugendo alinionya kabisa, akasema, "Mzee, tairi hizi zimezidi kimo, zitagusa madigadi," nikamwambia wewe funga tu, madigadi niachie mimi.

Lilipendeza, siwezi kukataa, lakini likawa zito kuondoka, usukani mgumu, kila shimo nalisikia kwenye meno, na trafiki akanisimamisha tochi yake ya kupima mwendo ikisoma hamsini na sita huku spidomita yangu inaapa ni hamsini, na yote hayo nikavumilia.

Kisha tukapata harusi Ijumbi, nikampitia mama mkwe, Bi Sada, kwake Kagondo, akakaa kiti cha nyuma, Nuriat akiwa mbele na mimi, na kila kona, kila bonde, tairi zikasugua madigadi kwa kelele kama mbuzi aliyeshikwa miguu, mpaka tukasikia harufu ya mpira, naye akauliza, "Waitu mkwe wangu, nini kinalia?" Mshauri, mdomo ukanitangulia: "Ni uzito, mama. Huko nyuma limeelemewa kidogo."

Harusini Bi Sada akaisukuma sahani ya ebitoke, ndizi zetu za kupika, bila kuigusa, na tangu siku hiyo kila tukimtembelea anakula vijiko viwili tu, anafuta mdomo, anasema, "Nisije nikavunja magari ya watu," na Nuriat, ambaye kelele zile alidhani ni barabara na jibu langu hakulisikia, anayachukulia maneno hayo kama utani wa kuficha ugonjwa, sasa anaamini mama yake anaumwa, analia, anataka Jumatatu ampeleke hospitali akapimwe. Nikisema ukweli nimeaibika, nikinyamaza mama wa watu ataisha. Nifanyeje?

Muharami, Miembeni

*

Muharami,

Pole kwa meno yako. Kwa hayo mengine sina pole. Mwanamume mzima unamtwisha mama wa mkeo kosa la tairi! Na kwa nini mama yule akunjwe kiti cha nyuma?

Gari lako halikuelemewa na mtu. Gurudumu likizidi kimo cha lile la kiwandani, litagusa madigadi hata ukipakia mtoto. Linazunguka mara chache zaidi kwa kila kilomita, ndiyo maana spidomita inakudanganya, na uzito wake unachosha injini na breki. Kama ulitaka rimu kubwa, ungeweka tairi zenye ubavu mfupi zaidi ili gurudumu zima libaki na kimo chake, na hata hivyo mashimo yetu yangekupinda rimu. Karugendo alikuambia mapema, ukamziba mdomo.

Sasa kaa chini. Wiki hii hii nimepata barua nyingine, inatoka Kagondo, na mwenyewe ameniruhusu niitoe. Bi Sada anaandika: "Mkwe wangu amenidanganya kuhusu gari. Nilimwuliza fundi wake siku ya pili, akanieleza yote. Mbele yao nakula vijiko viwili, wakiondoka nateremsha sufuria nikala nikashiba. Je, ni dhambi?"

Nimemjibu kwamba si dhambi, ila amwonee huruma binti yake.

Wewe, mwambie Nuriat ukweli leo, kwa mdomo wako, asipoteze siku hospitali. Kesho kabla hujafungua duka, rudisha rimu za zamani. Kama umeshazigawa, Karugendo akutafutie tairi za kimo sahihi, na safari hii msikilize. Halafu nenda Kagondo. Usiseme mdomo uliteleza. Sema, "Mama, nilikusingizia, nisamehe," kisha nyamaza usubiri atakachosema.

Jumamosi kiti cha mbele ni cha Bi Sada. Akikucheka mpaka Muleba, cheka naye.